Ogwal na Daftari la Wadudu wa Kiangazi

Wale wanaopenda kusimulia kwamba Ogwal alikuwa shujaa, nawaomba wanyamaze kwanza. Hakuwa shujaa. Alikuwa mtu wa Lira, mwembamba, mwoga wa mbwa, mwenye mashati mawili ya kazi na kalamu mfukoni, na kwa miaka kumi kazi yake ilikuwa kuhesabu wadudu. Tulikaa naye ukuta kwa ukuta hapa Namuwongo, katika safu yetu ya vyumba sita kando ya reli. Najua alivyokohoa asubuhi, najua alivyogombana na mkewe kuhusu sabuni. Yaliyompata hakuyastahili, na aliyemletea ni mimi, Zubaida, kwa mdomo wangu huu. Mtakaotaka kunitukana, ngojeni kwanza nimalize.

Mdudu mwenyewe mnamjua. Ni yule mwekundu wa mviringo, mwenye madoa meusi mgongoni, mdogo kuliko punje ya mahindi, anayetembea juu ya majani ya kunde akila vidukari. Vitabuni wanamwita mdudu-kibibi. Sisi wa safu hatukuwa na jina lake. Watoto walimweka kiganjani wakampulizia ili aruke, basi. Nani angefikiri kwamba serikali ingemlipa mtu mzima mshahara kwa ajili yake?

Ogwal alikuwa mhudumu katika ofisi moja ya serikali iliyoshughulikia wadudu wa mazao. Hakuwa msomi. Aliosha vyupa, akafagia, akabeba nyavu za mzungu mmoja, daktari wa wadudu, na kwa kuwa macho yake yalikuwa makali na mkono wake hautetemeki, mzungu akamfundisha kuhesabu. Jioni moja nilipokuwa nimekaa mlangoni nikisuka kawa za kufunikia vyakula, ambazo ndizo zilizonilisha, nilimuuliza kwa dharau anahesabu nini huko mlimani. Akavuta kigoda, akanieleza mpaka giza likaingia. Sijamwona akifurahi vile tena.

Alisema mvua zikikatika mwezi wa sita, vidukari hukauka pamoja na kunde, na mdudu huyu hubaki bila chakula. Badala ya kufa ovyo, hupanda mlimani. Huko huingia chini ya jiwe pamoja na wenzake, mamia kwa mamia, wakabanana na kutulia tuli. Hawali, hawanywi. Wanaishi kwa mafuta waliyojiwekea tumboni siku za neema, na kule kubanana kunazuia unyevu wao usipotee. Walio pembeni ndio hukauka kwanza. Ukiwagusa hutoa maji ya manjano magotini, machungu mno, kwa hiyo ndege hawawataki, na hata wakishakufa siafu huwapita. Mvua ikikaribia, wote huruka kurudi mashambani. Na kiangazi kingine kikija, watoto wao, ambao hawajawahi kuliona lile jiwe, huenda jiwe lile lile, kwa kufuata harufu iliyobaki.

Kwa kina mzungu, alisema, wadudu hao hufanya hivyo wakati wa baridi, theluji inapofunika nchi, na wengine hujificha katika nyufa za madirisha ya watu. Mzungu alitaka kujua kama kiangazi chetu kinaua wengi kuliko baridi yao. Akachagua jiwe moja bapa kwenye kilima cha mawe juu ya Namuwongo, akamwekea Ogwal utaratibu. Kila Jumatatu ya kiangazi ainue jiwe polepole kwa mtaimbo, ahesabu walio hai, ahesabu waliokufa, waliokufa asiwaondoe, aandike, afunike. Ifanywe miaka kumi, kwa sababu chini ya kumi haina maana. Mwaka wa 1972 mzungu akafunga mizigo kama wengine, akaondoka. Ogwal akabaki na daftari, na miaka sita iliyokamilika.

Hapo ndipo hasira yangu ya kwanza ilipo. Yule mzungu alipanda ndege bila hata kumwambia acha. Ofisi yenyewe ikapewa mkubwa mwenye viatu vya jeshi, ambaye hakujua mdudu wala mmea. Mshahara ukawa unakuja mwezi huu, mwezi ujao hauji, na hata ukija haununui sukari. Lakini kila Jumatatu ya kiangazi Ogwal alipanda kilima na mtaimbo wake. Mkewe, Alal, aliyezoea kusema lililo moyoni, alimwambia mbele yetu sote kwamba watoto wanakula muhogo mkavu na yeye anawalinda wadudu. Ogwal alijibu kwamba imebaki minne. Mwaka uliofuata akasema mitatu. Alal akaacha kuuliza.

Nasi tulimtania, ulikuwa utani wa safu nzima. Tulimwita Msajili wa Vifo. Akirudi na vumbi magotini tulimuuliza, Msajili, leo msiba kwa nani? Alicheka nasi, akatoa daftari, akasoma: hai elfu moja na kitu, waliokufa mia na kitu. Hakuna aliyeona ubaya. Nasema hivi kwa aibu, maana wakati huo hakukuwa na safu katika Kampala isiyokuwa na mtu aliyetoka asubuhi na asirudi, na hakuna aliyekuwa akiandika.

Mwaka wa kumi ulikuwa 1976. Mwezi wa saba ulianza na zile ndege za kigeni zilizokuja Entebbe usiku kuokoa mateka, na baada ya hapo wakubwa walitafuta wapelelezi mpaka ndani ya vyungu vya watu. Mwenye redio ya kigeni alikuwa mpelelezi. Mwenye shemeji Nairobi alikuwa mpelelezi. Na Mlango, yaani mtu wa kabila la Ogwal, au Mwacholi, ukimkuta mahali pasipo pake alikuwa mpelelezi hata kabla ya kufungua mdomo. Kutoka kile kilima cha mawe unaiona reli yote, mabehewa, na lango la kambi moja ambayo sitaitaja. Sikuliwaza hilo. Sisi Wanubi, ambao ndugu zetu walijaa jeshini, siku zile hatukulazimika kuwaza sana, na wenzangu wakibisha nitawaambia hivyo usoni.

Kaka yangu Fadhul, tumbo moja, alikuwa sajenti katika kambi hiyo. Kila Ijumaa nilikwenda kula kwake, mikate yetu ya gurusa na mchuzi wa nyama, na nikaondoka na nusu kilo ya sukari iliyofungwa kwenye gazeti. Sukari ile sikuilipia kwa fedha. Niliilipia kwa kuchekesha. Tangu utoto mimi ndiye mchekeshaji wa nyumba yetu. Ijumaa hiyo Fadhul alikuwa na mgeni, kapteni wake, mtu mnene mpole wa sauti, aliyekula kimya. Fadhul akaniambia nimpe kapteni habari za Namuwongo, acheke kidogo.

Nikamletea Ogwal. Nilisimama kabisa, nikaigiza anavyoinama na mtaimbo, anavyolamba kalamu. Nikasema jirani yangu ana daftari la miaka kumi, kila Jumatatu yuko kilimani anahesabu waliokufa. Wadudu nilikusudia kuwataja mwishoni, ndipo kichekesho kilipokuwa. Lakini kapteni alishaacha kula, mkono wake kando ya sahani.

"Hiyo mutu ya wapi?" aliuliza.

"Ya Lira, Afande," nikasema, bado nacheka. Nikaongeza upesi kwamba ni wadudu tu, wadudu wekundu wa kunde. Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, akanawa, akamshukuru wifi yangu kwa chakula. Fadhul hakucheka wala hakunitazama. Aliniongezea sukari ikawa kilo nzima, na mimi mpumbavu nikadhani nimechekesha vizuri.

Jumatatu, jua likiwa juu ya vichwa, Nabwire, mwanamke aliyekuwa akiponda kokoto kwenye machimbo ya kilima, alishuka mbio mpaka kwetu. Aliwaona askari wanne wakimpandisha Ogwal kwenye Landrova. Alisema Ogwal alikuwa ameshamaliza kuhesabu na anafunika jiwe. Hawakumpiga pale, walimwambia tu aje na kitabu chake. Alal alikuwa akifua. Alisimama mikono ikichuruzika, akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akaja moja kwa moja mlangoni kwangu.

"Zubaida, kaka yako iko kule," alisema. "Wewe utanipeleka."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Ilikuwa nafasi ya kumwambia, na sikumwambia. Nilijitanda shuka, nikatangulia njia, nikijifanya jirani mwema, na kila hatua nilijichukia zaidi. Tulisimama langoni siku ile na kesho yake. Fadhul alitoka mara moja, akaniambia kwa Kinubi nirudi nyumbani niache kushikana na watu wale. Nilimjibu, kwa Kinubi pia, maneno ambayo mama yetu Rehemah angenipiga kwa kuyasema. Akaingia ndani. Jumatano kapteni akatuita.

Daftari lilikuwa mezani, limefunguliwa. Akatusomea mwenyewe, polepole, kidole kikifuata mistari: kilima cha Namuwongo, tarehe kumi na tisa mwezi wa saba, hai elfu moja mia nane na tano, waliokufa mia mbili thelathini na nane. Akageuza kurasa nyuma, mwaka kwa mwaka. Akauliza hawa mia mbili na kitu ni akina nani, na nani alimwagiza mtu wa Lira kuwahesabu, na hesabu inapelekwa nchi gani.

Alal alieleza. Alieleza vizuri kuliko nilivyotarajia. Kumbe miaka yote ile ya kununa alikuwa akisikiliza. Alitaja mafuta ya tumboni, kubanana, harufu, mpaka maji ya manjano ya magotini. Kapteni alimsikiliza, kichwa kimeinama upande.

"Mama, nani nalipa mutu kuhesabu dudu ya kufa?"

"Serikali, Afande," Alal alisema. "Lakini hailipi."

Askari mmoja mlangoni alikohoa ili asicheke, na nadhani kikohozi hicho ndicho kilichompa Ogwal siku tatu. Kapteni alifunga daftari. Akasema mbele ya askari wake kwamba yeye si mtu mbaya, Jumamosi atapanda kilima mwenyewe. Dudu wakiwa pale kama kitabu kinavyosema, mama atachukua mtu wake. Wasipokuwepo, mama asirudi tena langoni kuuliza. Nikasihi iwe kesho. Akasema kesho ana kazi.

Sasa muielewe hasira yetu. Jumatano jioni, tukishuka kwenda nyumbani, upepo ulitoka upande wa ziwa, wa ubaridi, na ulikuwa na harufu ya udongo uliolowa. Wakulima wote wa Buganda walikuwa wakiomba mvua. Alal alisimama katikati ya njia akaitazama ile mbingu kama mtu aliyetukanwa. Mvua ikinyesha kabla ya Jumamosi, wadudu wataruka kwenda kwenye kunde za watu, jiwe litabaki tupu, na mumewe atakufa kwa ajili ya manyunyu.

Alhamisi asubuhi nilisikia misumari ikilia. Alal alikuwa juu ya paa la jiko lake aking'oa mabati. Amito, binti yake wa darasa la saba, aliyapokea chini. Sikuuliza. Nilibeba moja kichwani, yeye akabeba jingine, tukapanda kilima tukiwa tumekunja nyuso, na waponda kokoto wakatutazama wanawake wawili wanaokwenda kuwajengea wadudu nyumba. Tuliyaegesha juu ya lile jiwe, tukayakandamiza kwa mawe. Alal akapiga magoti, akachungulia ufa. Walikuwepo, wamejaa, wekundu, wametulia. Akaniambia niangalie, nami nikaangalia, na kwa mara ya kwanza nikaona kitu ambacho Ogwal alikuwa akikiona. Nikawachukia kwa kuwa wazuri.

Tulilinda mchana wote wa Alhamisi. Ijumaa, siku yangu ya sukari, tulipanda tena. Baada ya adhuhuri mawingu yalishuka mpaka tukawa hatuoni minara ya kanisa la Nsambya. Nilianza kusoma dua, Alal akanikataza. Alisema Mungu wangu na Mungu wake wote wanajua mwezi wa saba ni kiangazi, kwa hiyo kama wanaleta mvua ni kwa kusudi. Hata hivyo nilisoma kimyakimya.

Mabati hayakusaidia lolote. Kabla hata tone la kwanza halijaanguka, hewa ilipolowa tu, walianza kutoka. Walitoka ufani mmoja mmoja, kisha makumi, wakapanda juu ya bati, wakafungua mabawa. Alal alivua kitambaa chake cha kichwa akaziba ufa upande mmoja, nikaziba upande wa pili kwa shuka langu. Walipita chini, walipita kando, walitutembelea mikononi wakituachia ule uchungu wa manjano. Alal alikuwa akiwatukana kwa Kilango, akawatukana kwa Kiswahili, akamtukana mzungu, akamtukana Ogwal kwa kuwa mjinga asiyejua kuacha. Halafu mvua ikaja yote kwa pamoja. Tulikaa chini ya mabati yale, magoti yakigusana, mpaka ilipokwisha, na juu ya jiwe hakukuwa na kitu chekundu.

"Nani alipeleka hii maneno kambini?" Alal alisema. Hakuniuliza mimi, aliuliza tu. "Nikimujua, nitamukula mbichi."

Kinywa changu, ambacho kwa kapteni hakikushikika, hapo kilikauka. Nilimfunika mabega na shuka langu lililolowa. Hasira niliyokuwa nayo juu yangu mwenyewe ilinitapisha usiku ule, na sisemi kwa mfano.

Jumamosi walikuja saa nne. Landrova iliishia machimboni, wakapanda kwa miguu, kapteni akihema. Fadhul alikuwa mmoja wao. Ogwal alitembea katikati yao miguu mitupu, jicho moja limefumba kwa uvimbe, shati lile la kazi limekauka damu begani. Alimtazama Alal, akatazama mabati, akaelewa kila kitu kwa mara moja. Alitikisa kichwa kidogo, kama anavyofanya mtu akikuta watoto wamejaribu kupika.

Waliondoa mabati. Kapteni akamwamuru ainue. Mtaimbo hawakumpa, kwa hiyo aliinua kwa mikono, na Alal akaenda kumsaidia bila kuomba ruhusa. Chini ya jiwe palikuwa na wadudu hai labda thelathini, wavivu, wameshikamana kwenye kona. Kapteni aliwatazama kwa muda mrefu.

"Kitabu nasema elfu moja mia nane. Iko wapi?"

"Mvua imewafukuza, Afande," Ogwal alisema. Sauti yake ilikuwa imepasuka.

"Basi," kapteni alisema, akageuka.

Ogwal hakulia wala hakuomba. Alipiga magoti. Alichuma jani la nyasi, akaomba kitambaa cha mkewe, akakitandaza. Akaanza kuwafagia waliokufa. Waliokufa walikuwa bado pale, wote, kwa sababu miaka kumi alikatazwa kuwaondoa, na siafu hawakuwataka, na wao hawakuwa na mabawa ya kufuata mvua. Walikuwa wamefifia kidogo, rangi ya matofali. Aliwapanga kumi kumi juu ya kitambaa, akihesabu kwa sauti, jicho lake zima likiwa karibu kabisa na nguo. Kapteni alikuwa ameshapiga hatua tatu. Alisimama. Askari walisogea, na nikaona kwamba midomo ya wawili wao ilikuwa ikihesabu naye.

"Mia mbili hamsini na moja," Ogwal alisema.

Kapteni alifungua daftari, akatafuta mstari. "Hapa iko mia mbili thelathini na nane. Wewe muongo."

"Kumi na tatu imekufa wiki hii, Afande. Mimi sikuwa hapa ya kuandika."

Nyundo za kokoto zilikuwa zimesimama. Nilimtazama Fadhul, naye akatazama viatu vyake. Kapteni alikuwa ametoa neno mbele ya askari wake, na askari wake walikuwa wamehesabu kwa macho yao. Nadhani hilo tu ndilo lililomfunga. Msiniambie ni huruma. Alitoa kiberiti. Alichana kurasa za daftari, rundo kwa rundo, akazichoma juu ya lile jiwe, miaka yote kumi, na ilichukua muda kwa kuwa jiwe lilikuwa na maji. Ogwal alitazama mpaka ukurasa wa mwisho.

"Dudu, mutu, ng'ombe, hapana kuhesabu kufa tena," kapteni alisema. "Umesikia?"

Ogwal alisema amesikia. Wakashuka, wakatuacha naye.

Alilala siku mbili. Safu nzima ilileta uji, na hakuna aliyemwita Msajili. Jumatatu alasiri Alal alinigongea ukuta, akaniambia mumewe ananiita. Nilimkuta amekaa kitandani, kando yake daftari la shule la Amito lenye kurasa zilizobaki nyuma, na kalamu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa, vidole viwili vimevunjika. Alal alisimama mlangoni, mgongo umetugeukia, akilinda njia. Hakunitazama nilipopita.

Ogwal aliniambia nikae. Alisema Jumatatu ile alipoingia chumba cha kambini alikuta watu thelathini na mmoja, na Jumamosi aliacha tisa. Alisema mle ndani watu walibanana, na walio mlangoni ndio walioitwa kwanza, wasirudi.

"Mimi nilikaa katikati," alisema. "Nilijua. Wengine hawakujua."

Nikamwambia apumzike, mambo hayo hayasaidii sasa. Akasema yote anayo kichwani, jina, kwao, siku aliyotolewa, lakini kichwa si kitu cha kutegemea, na mkono wake hauandiki. Amito hafai kuyasikia. Alal anachunguzwa tayari kwa kuwa mkewe. Nyumba ya dada wa sajenti hakuna atakayeipekua.

Nilisema siwezi. Nilisema kapteni amekataza, nilisema nina watoto, nilisema mwandiko wangu mbaya. Ogwal aliningoja nimalize. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo linalonitia hasira mpaka leo, ningependa anipige.

"Waliniambia siku ya kwanza nani alisema," alisema. "Mama Amito pia anajua, toka jana. Wewe ndiye ulisema mimi nahesabu watu ya kufa. Haya. Andika."

Alal hakugeuka. Nilichukua daftari, nikagawa ukurasa safu tatu kama alivyoniagiza. Wa kwanza, Obwona, wa Gulu, alitolewa Jumatatu jioni. Wa pili, mwalimu mmoja wa Masaka. Nikaandika. Nilipofika mwisho wa mstari nikaona safu ya tatu ni tupu, nikamuuliza hapo niweke nini. Akasema aliyesimama mlangoni na kuita jina. Nikamuuliza nani alisimama.

Alinitajia. Waliotolewa walikuwa watu ishirini na wawili, na alasiri ile, kwa mwandiko mzuri, niliandika jina la kaka yangu mara kumi na nne.